IMEKUBALI

Ilikua kama saa nne usiku, maabara nimebaki peke yangu na mashine ya PCR (ile inayonakili DNA na kuihesabu) inavuma, mara mistari ikaanza kupanda kwenye skrini mapema mno. Nikapiga kelele mwenyewe kama mwehu.

Ngoja nieleze kidogo. Tulikua tunachanja trauti wadogo dhidi ya VHS, kile kirusi kinachowavujisha damu ndani kwa ndani, na maji yakiwa baridi ndo kinawamaliza kabisa. Chanjo yenyewe ni plasmidi tu, kiduara cha DNA kilichobeba jeni moja ya kirusi, ya protini ya juu inayoitwa G, unamchoma samaki kwenye msuli karibu na pezi la mgongo (umlaze kwa dawa kwanza, la sivyo sindano itaingia kwenye kidole chako, niulize mimi) halafu seli za msuli zinaitengeneza G zenyewe na kinga inashtuka. Canada walishapitisha chanjo ya namna hii kwa samoni mwaka 2005, dhidi ya IHN, kirusi kingine cha samaki ambacho ni ndugu yake VHS, kwahiyo hatukua tunaota. Kazi yangu ilikua kukata msuli pale palipochomwa, pamoja na wengu, nitoe RNA (nakala ambayo jeni inaitoa ikiwa kazini), niigeuze kuwa DNA, yaani cDNA, maana PCR inasoma DNA tu, nione jeni gani zimeamka. Hasa Mx, jeni ya samaki mwenyewe, maana hiyo inaamshwa na interferoni, kengele ya mwili dhidi ya virusi, ikipanda ujue mwili umeshajiandaa kwa kirusi ambacho hata hakijaingia.

Sasa usiku ule G ilitoka mapema ajabu, na kwenye PCR kuwahi mzunguko mmoja ni kama mara mbili ya kiasi, ukiwahi mitatu na kidogo ni mara 10. Mimi huyo nikapiga simu.

"Dokta samahani kwa usiku, msuli unatengeneza G mpaka basi!"

Kimya. Halafu akauliza, "Vile vishimo vya bila kimeng'enya vinasemaje?"

Nilikua nimeviweka pembeni kabisa ya ile sahani ya vishimo 96, tena kwa kulazimishwa, na sikua nimevitazama. Humo hakuna kile kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, kwahiyo mashine haitakiwi kuona chochote. Nikafungua. Vimepanda navyo, karibu sawasawa na vingine.

Yani nilichokua nahesabu ni plasmidi ileile niliyoichoma kwa mkono wangu. Nimemdunga samaki DNA halafu nashangilia kuikuta DNA.

"Nenda kalale," Dokta akasema, wala hakucheka, afadhali angecheka. "Kesho uzipitishe kwenye DNase zote, iikatekate hiyo DNA."

Siku tatu nikarudia kila kitu, na sampuli mbili za msuli zikaniishia njiani. Vishimo vya bila kimeng'enya vikanyamaza. G ikarudi nyuma sana, ipo ila kidogo tu. Mx ndo haikuyumba, praima zake (vipande vifupi vinavyoionyesha mashine pa kunakili) zimekaa kwenye kiungo cha eksoni mbili, vipande vya jeni vinavyoungana kwenye RNA tu, kwahiyo DNA haikuwahi kuzidanganya: kwa samaki wa G ilikua imepanda vizuri msulini, kwa wale wa plasmidi tupu, isiyo na jeni ya G, ilijikongoja tu.

Ile picha ya mistari ya kwanza bado ninayo kwenye simu. Usiku uleule, kabla sijampigia Dokta, nilishamtumia dada yangu na neno moja, "IMEKUBALI", akajibu hongera, na mpaka leo hajawahi kuuliza ni nini kilikubali.