Kabati la milango mitatu, meza na droo: mradi ulipofikia

Mradi huu ni wa vyumba viwili vya dada yangu, Tabata: kabati la nguo la milango mitatu, meza ya kusomea ya mpwa wangu, na kabati fupi la droo nne. Vyote ni samani za kuunganisha, zimekuja kwenye maboksi. Nataka kazi iende upesi na mtu asipandishe hasira, na kadiri ninavyozidi kuunganisha vitu hivi ndivyo ninavyoamini kwamba upesi wenyewe hautoki kwenye drili. Unatoka kwenye kazi inayofanyika kabla skrubu ya kwanza haijaingia.

Ijumaa jioni, maboksi

Tumefungulia chumbani, palepale kabati litakapokaa. Likishaungwa kwingine, mlangoni halipiti. Maboksi yenyewe nimeyapasua na kuyatandika juu ya marumaru, maana ubao wenye melamini, lile ganda laini la juu, ukiburuzwa sakafuni unachubuka.

Dada akauliza, "Kaka, kwani wangeuza kabati zima kungekuwa na shida gani?" Shida ni nafasi. Kabati zima ni hewa tupu, na hewa hiyo inalipiwa nauli. Hata si jambo jipya: kiti namba 14 cha Michael Thonet wa Vienna, kilichotoka mwaka 1859, kilisafirishwa kikiwa vipande, viti 36 ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Baadaye, mwaka 1956, Gillis Lundgren wa kampuni ya samani ya IKEA kule Sweden aling'oa miguu ya meza ili iingie kwenye gari, na kampuni ikaishika njia hiyo. Na sisi wenyewe, nani hajawahi kufunga kitanda cha seremala, kichwani, miguuni, mbavu, halafu chaga? Ni akili ileile, ila hapa vipande ni vingi zaidi.

Mbao nimeziegemeza ukutani kwa kufuata namba. Vyuma vimeingia kwenye trei ya mayai, kila aina na shimo lake, na mpwa wangu amehesabu kimoja kimoja akilinganisha na ukurasa wa mwanzo wa karatasi ya maelekezo. Kama kitu kimepungua, afadhali kijulikane usiku huu, duka likiwa bado linakumbuka sura zetu.

Karatasi hiyo ina michoro tu, haina maneno. Mimi huisoma kwa kufuata mashimo. Ubao wa kushoto na wa kulia unaweza kuuona ni pacha mpaka uangalie mashimo ya bawaba yako ukingo upi. Tena kuna ukingo usiobandikwa utepe, chembe za mbao zinaonekana wazi: huo kwa kawaida huenda nyuma au chini, kusikoonekana. Kila ubao nimeuandikia kwa penseli juu, chini, mbele, mahali patakapofichika. Kazi hii ilikula muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote ya jioni hiyo, na siioni kama hasara.

Jumamosi, fremu

Hapa ndipo watu wengi huchoka, kwa hiyo naeleza kwa kirefu. Fungio kuu ni vyuma viwili. Kimoja ni pini yenye shingo, inafungwa kwenye ubao mmoja. Cha pili ni kikombe cha duara kinachotumbukizwa kwenye tundu la ubao mwingine. Kikombe kina alama usoni, mara nyingi mshale, na lazima uelekee ukingo ambao pini itaingilia. Pini ikishazama, zungusha kikombe kwa bisibisi, kulia, kama nusu mzunguko, nacho kinaikamata shingo na kuzivuta mbao mpaka zibanane.

"Mjomba, hii imegoma." Nilimwambia asiongeze nguvu. Kikombe kikigoma mapema au kikizunguka bila kukaza, angalia pini kwanza: ama haijafika mwisho, ama imepitiliza. Tukafungua, tukaikaza pini mpaka kola yake ikalala sawa na ubao, na kikombe kikashika. Chipubodi ni chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Ukiilazimisha inamomonyoka, na tundu likishalegea kulirudisha ni kazi. Drili naitumia kwa nguvu ndogo kabisa, na mzunguko wa mwisho ni wa mkono.

Vijiti vya mbao ndivyo vinavyoweka mbao kwenye mstari na kusaidia kubeba mzigo. Ponali, gundi ya mbao, sikuitia kwenye kabati: dada ni mpangaji, na siku ya kuhama atataka lifunguke. Kwenye droo nitaitia, kwa sababu droo inavutwa kila siku.

Kila kitu kilibaki kimelegea kidogo mpaka fremu ikamilike. Kisha tepu ya kupimia, kona hadi kona, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko sawa. Tulisukuma kona moja taratibu mpaka vikalingana, ndipo tukakaza na kupigilia hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuma. Hadibodi hiyo, japo nyembamba, ndiyo inayozuia kabati lisiyumbe. Ikipigiliwa fremu ikiwa imepinda, milango haitakaa sawa.

Kuinua nako kuna hesabu. Kabati la sentimita 200 kwenda juu na 52 kwenda ndani, likiwa linasimama, kona yake hufika karibu sentimita 207. Tulizima pangaboi na kulilaza miguu ikiwa upande wa ukuta, ili liinuke mbali na mapanga.

Jumapili, milango na meza

Bawaba zina skrubu mbili za kurekebishia: iliyo karibu na mlango husogeza kushoto na kulia, ya nyuma husogeza mlango ndani na nje. Robo mzunguko, funga, tazama, rudia. Meza ilikuwa kazi nyepesi, bolti na alenki tu, kile kifunguo cha pembe sita kilichopinda.

Zilizobaki, droo

Reli zimeshatengwa. Zimegongwa herufi: CL na CR za ubavuni mwa kabati, kushoto na kulia, DL na DR za kwenye droo. Za kabati zina gurudumu mbele, za droo zina gurudumu nyuma.

Kabati hili halitatumika kabla halijafungwa ukutani. Mwaka 2016 IKEA iliwaita wateja wa Marekani warudishe au wafunge ukutani makabati ya droo yapatayo milioni 29, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Ukuta wa dada ni wa tofali za saruji, kwa hiyo zinatakiwa fisha, vile vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani, na drili ya kugonga, nayo naiazima kwa jirani wiki ijayo. Kwa sasa droo ziko juu ya kabati la nguo, na fremu imelazwa chali, maana mdogo wake mpwa wangu anapanda chochote kinachopandika.