Daftari Nililolala Nalo

Mwaka jana nilichukua mkopo wa kausha damu, 800,000. Waliopitia wanajua: marejesho 40,000 kila Jumatano, wiki 26, na ukikosa moja wenzako wa kikundi wanakuja kukaa barazani kwako mpaka ulipe au kitoke kitu ndani. Nauza mitumba ya watoto soko la Memorial, Moshi. Masika yakanikuta kwenye wiki ya saba. Wateja wakawa wa kuhesabu, na belo nililofungua likatoka nguo za kudekia tu.

Daftari la marejesho nikawa nalala nalo chini ya mto. Saa nane za usiku macho makavu, napapasa jalada lake la plastiki gizani, najumlisha, natoa, najumlisha tena, utadhani hesabu ikirudiwa sana itaona haya ibadilike. Baba watoto anakoroma pembeni. Sikuwa nimemwambia.

Wala si kwamba nilikuwa siombi. Niliomba mno! Ila nikiyakumbuka maombi yale nacheka kwa aibu, maana nilikuwa namsomea Mungu ratiba: Bwana, Jumatano hii 40,000, Bwana, ijayo 40,000. Nikisema amina, narudi kwenye hesabu palepale.

Jumamosi moja kwenye jumuiya, mama mmoja mzee akanikazia macho.

"Mwanangu, unalala?"

"Nalala, mama."

"Shikamoo umenipa vizuri. Nipe na ukweli."

Nikamwaga yote. Nilitegemea aniwekee mikono kichwani akemee roho ya madeni. Badala yake akaniuliza kama bado naikumbuka sala ya jioni tuliyofundishwa kipaimara, ile ya Katekisimo Ndogo ya Luther, kitabu chetu Walutheri cha mafundisho ya imani. Naikumbuka, tulichapwa kwa ajili yake. Nikaisema hadi pale mtu anapoweka mikononi mwa Mungu mwili wake, roho yake na vyote alivyo navyo.

"Na chini ya sala pameandikwa nini?"

Nilikuwa nimesahau.

"Ulale mara moja, kwa furaha. Ni agizo hilo, mwanangu. Wewe unamkabidhi, halafu unampokonya hata shuka hujajifunika."

Luther aliyaandika hayo mwaka 1529, na mimi nimeyabeba kichwani tangu usichana bila kuyasikia.

Usiku ule nilianza na baba watoto. Alinyamaza muda mrefu. Kilichomuuma ni siri, hela hakuzitaja hadi asubuhi. Kisha nikalipeleka daftari jikoni, nikaliweka chini ya ndoo ya unga, nikasali kwa sauti: mwili wangu, roho yangu, na daftari. Nililitaja kabisa.

Sikulala. Nisidanganye mtu. Wala usiku wa pili. Hesabu ilikuja kama kawaida, ila safari hii nilikuwa na la kuijibu: daftari liko jikoni. Na Zaburi ya 121 inasema mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali, basi kukesha wawili kwa deni moja ni hasara. Nilijibu hivyo labda mara ishirini kwa usiku mmoja. Baada ya wiki kadhaa zikawa mara tatu, nne.

Wapo wahubiri wanaosema ukiamini deni linafutika. Langu halikufutika. Nilikosa Jumatano mbili, baraza likajaa watu, na cherehani yangu ikauzwa. Utulivu ulinijia marejesho yakiwa yamebaki 15, na hali sokoni ilikuwa ileile.

Nilijuaje? Jumanne moja nilikuwa na 27,000 tu. Nikaweka noti ndani ya daftari, daftari chini ya ndoo, nikasali, nikajilaza. Nilichosikia baada ya hapo ni baba watoto ananitikisa bega: "Mama, amka, saa kumi na mbili, daladala zinapita."

Elfu 13 zilizopungua alinikopesha jirani wa meza. Nilimrudishia Ijumaa.