Kidole au gasheti? Bunduki yangu ya mitutu miwili ilivyokuwa ikifyatuka mara mbili

Bunduki hii niliachiwa na baba mdogo pamoja na karatasi zake. Ina mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kaliba (kipimo cha kartushi) 9.3x74R, kazi ya Liège, Ubelgiji, na chini ya mitutu kuna alama ya ukaguzi ya Liège, ELG, ndani ya kiduara cha umbo la yai. Kifyatulio cha mbele hupiga mtutu wa kulia, cha nyuma hupiga wa kushoto. Huku Lubumbashi tunaviita vyote gasheti, na jina hilo lilinipotezea miezi.

Mara ya kwanza ilikuwa jioni ya mwezi wa nne, shambani upande wa barabara ya Kasenga, nguruwe pori wamo kwenye mahindi. Nilivuta mara moja tu. Teke nililopata lilinigeuza nusu, kofia ikaruka, nikajiuma ulimi. Mpwa wangu aliyekuwa nyuma yangu alisikia mlio mmoja, ila mnene kuliko kawaida. Nilipoifungua, kartushi zote mbili zilikuwa zimelipuka. Nguruwe alikwenda zake, nami nimebaki na mabomba mawili matupu. Nikawaza: je, angekuwa mbogo?

Kila niliyemsimulia alinilaumu kidole, nami nikakubali, maana ndiyo sababu ya kawaida. Bunduki ikipiga teke na mkono umelegea, kidole huteleza kutoka kifyatulio cha mbele kikanasa cha nyuma. Basi nikaanza kujifunza upya, kama mtoto. Mkono wa kulia kukaza shingo ya kitako, dole gumba limepita juu. Kuvuta kwa ncha ya kidole, si kwa kiungo. Na kuanza na kifyatulio cha nyuma, kwa sababu kidole kikiwa pale hakuna kingine nyuma yake cha kunaswa. Hili la mwisho lilinichosha kwa wiki tatu. Kidole kilichozoea cha mbele hukimbilia cha mbele.

Mazoezi niliyafanyia kwenye kichuguu kimoja kirefu kuliko nyumba yetu, maana udongo wake unameza risasi na nyuma yake hakuna njia wala mtu. Sikujaza tena kartushi mbili. Mtutu wa kushoto niliweka kartushi nzima, wa kulia ganda lililokwisha kutumika. Nikivuta cha nyuma risasi inatoka. Halafu, bila kuifungua bunduki, navuta cha mbele na kutega sikio. Ikilia “tik”, nyundo ya kulia, ile ya ndani inayoilipua kartushi, ilikuwa bado imesimama. Kimya maana yake ilishaanguka.

Mara nne ikalia. Ya tano, kimya. Hapo nikajua kidole si mkosaji peke yake, kwa sababu kidole kilichokuwa nyuma hakiwezi kuvuta kifyatulio kilicho mbele yake.

Nikaipeleka mjini kwa fundi wa bunduki, mzee wa maneno machache. Aliweka maganda mitutu yote, akaifunga, akagonga kitako juu ya kipande cha mpira sakafuni, halafu akavuta vifyatulio vyote viwili. Tik ikasikika moja tu. Akacheka. “Papa, kidole yako haina kosa. Gasheti njo inachoka.” Nikamwambia gasheti sijaigusa. Ndipo akaifungua na kunionyesha kijino ndani, kidogo kama punje ya mchele, kinachoishika nyundo isianguke. Gasheti yenyewe ni hicho; ninachovuta mimi kina jina lake. Kuna mtu zamani alikipiga tupa ili uvutaji uwe mwepesi, na mafuta ya miaka yameganda pale kama ulimbo. Alitundika mizani ya kuuzia samaki kwenye kifyatulio: kilo moja na robo. Yeye alitaka karibu mbili.

Nilimuuliza kuhusu kile kizuizi cha usalama kinachosukumwa kwa dole gumba. Akasema kwenye bunduki ya namna hii kinafunga vifyatulio tu, gasheti hakiishiki. Zile za bei kubwa zina gasheti ya pili ya kudaka nyundo ikiponyoka. Yangu haina, na sina fedha za kuitamani.

Alisafisha, akabadilisha springi mbili, akachonga makali ya kijino upya. Siku kumi. Niliporudi, nilimwomba agonge kitako mbele yangu mara ishirini, akanuna kidogo lakini akagonga.

Mafuta sasa naweka tone moja jembamba. Cha nyuma bado ndicho ninachoanza nacho, na kila msimu kichuguu kinapata risasi zake kumi, moja moja, kabla sijathubutu kujaza mitutu yote miwili.

Mwezi wa nne uliofuata nguruwe walirudi. Nilipiga mmoja kwa mtutu wa kushoto, akaanguka kwenye mtaro. Nikafungua bunduki, nikaichomoa kartushi ya kulia na kuigeuza kwenye mwanga wa tochi ya mpwa wangu. Kitako cha kartushi kilikuwa laini, bila hata alama ya sindano ya kufyatulia.