Karatasi kwanza, chumba baadaye

Mimi ni mama mlezi katika makao ya watoto huku Kayole, Nairobi, na kazi inayonigusa kuliko zote ni kuwaandaa wanaofikisha miaka 18 waende kujitegemea. Vijana wa majirani wakifika umri huo hubaki kwa mama zao mpaka wapate kazi. Wetu anatakiwa atoke, na pengine hana hata shangazi wa kumpigia simu.

Kijana wa kwanza niliyemsindikiza hadi akahama aliokotwa stejini akiwa mchanga. Nilianza kushughulikia karatasi zake akiwa na miaka 16. Bila cheti cha kuzaliwa, kitambulisho ni shida. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini, M-Pesa huna, na mwenye ploti hakupi chumba. Wengi hukwama pale wanapoulizwa kitambulisho cha mzazi. Sisi tulibeba amri ya mahakama iliyomleta makaoni, barua ya afisa wa watoto na ya chifu. Karani alipotilia shaka uraia wake, nilimfungulia Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010: mtoto anayepatikana Kenya akionekana kuwa chini ya miaka minane, na uraia wake na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Walezi wenzangu, chapisheni kifungu hicho mkiweke kwenye faili ya mtoto.

Kisha jikoni. Alijua ugali wa sufuria ya watoto hamsini tu. Basi kila Jumamosi nilimpa mia mbili na sufuria ndogo, ajilishe siku mbili: unga nusu kilo, sukuma ya kumi, nyanya mbili, chenji aiandike kwenye daftari. Mwanzoni pesa yote iliishia kwenye nyama na soda. Tuliketi na lile daftari, tukapanga upya, na hakuna somo lililomkaa kama hilo. Hata tokeni za stima nilimwachia anunue mwenyewe na kubonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita.

Ufundi wa kuchomelea aliupata kwa fundi wa Kariobangi, baadaye akafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya 3.

Chumba tulikitafuta karibu, mwendo wa miguu. Mwenye ploti akaniuliza, "Mama, huyu kijana ni wako?" Nikamjibu ni wangu, na nambari yangu aiandike ya kwanza.

Kilichomlemea baada ya kuhama ni upweke, kuliko hata kodi. Mtu aliyezoea kulala na wenzake chumba kizima, ghafla usiku hasikii pumzi ya mtu. Alikuwa akija jioni anakaa tu. Tukakubaliana chakula cha Jumapili ni kwangu, awe na pesa au asiwe nazo, na mpaka leo anakuja.

Sasa nina msichana wa miaka 16. Amri ya mahakama iko kwenye faili. Cheti chake cha kuzaliwa ndicho tunachokifuatilia.