Nilivyoacha kulipa deni la sura za Biblia

Miaka mitatu mfululizo niliuanza mwaka na azimio lilelile: kumaliza Biblia nzima kabla ya Desemba. Miaka mitatu mfululizo nikafia Mambo ya Walawi, kitabu cha tatu tu. Safari ya nne nilitoboa, ila si kwa ushauri niliopewa, na nilipewa wa kujaza gunia.

Hesabu yenyewe ndiyo inayodanganya. Biblia ya Kiprotestanti, ndiyo niliyo nayo, ina vitabu 66 na sura 1,189. Gawanya kwa siku 365, unapata sura tatu na kitu. Nani ashindwe na sura tatu? Kitabu cha kwanza, Mwanzo, kinateremka chenyewe. Cha pili, Kutoka, nacho hakina taabu mpaka waanze kupima mapazia ya maskani, lile hema la ibada. Mwisho wa Januari uko Walawi 13, mistari 59 ya ukoma, madoa na nywele nyeupe. Leo unasinzia, kesho una mgeni, keshokutwa kichwa kinauma. Safari ya nne nayo nikaruka siku tisa, deni likawa sura 29.

"Fidia usiku, mwanangu," mzee mmoja wa kanisa akaniambia. "Shetani anapenda walegevu."

Nikafidia. Jumamosi moja nilikaa kitako saa tatu usiku nikaapa silali mpaka deni liishe. Kufika kitabu cha Hesabu, sura ya 7, macho hayafunguki. Wakuu kumi na wawili wa Israeli wanaleta matoleo, kila mmoja sahani ya fedha ya shekeli 130 na bakuli la shekeli 70, na kila mmoja anaandikiwa upya neno kwa neno. Nikawa nasoma kwa sauti ili nisilale. Kwenye mkuu wa nane (au nilikuwa narudia wa tano, sijui) hasira zikanipanda: si waseme tu wengine vivyo hivyo? Nikarudi juu kutafuta nilipopotea, ndipo nikaona. Siku ya kwanza fulani, siku ya pili fulani. Kila mkuu ana siku yake. Siku kumi na mbili nzima, na mimi nataka kuzimeza kwa dakika kumi.

Nikafunga kitabu nikalala.

Asubuhi likanijia jambo la aibu: mana, kile chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani. Kutoka 16 nilishaisoma tarehe 20 Januari, nikaiwekea na alama ya vema. Watu waliambiwa waokote ya siku ile. Waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka, Musa akawakasirikia. Na mimi hapo nimeinama naokota ya juzi na ya wiki iliyopita.

Nikachukua mkasi, nikakata safu nzima ya tarehe kwenye ratiba yangu ya kusoma. Zikabaki sura tupu. Siku niliyoruka imekwenda. Naanzia utepe wa Biblia ulipo. Pakavu nachanganya na Zaburi moja, hilo nililigundua mwenyewe. Na wale wa kuamka saa kumi alfajiri wasikutishe, mimi saa hiyo nakumbatia mto.

"Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya neema," mzee akasema. Huenda. Lakini katika Luka 13 kuna mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda, mitatu kama yangu, na mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi. Hathubutu kuahidi matunda. Anachoahidi ni kuupalilia na kuutia samadi.

Kumaliza kulinichukua kama mwaka na nusu. Mkesha wa mwaka mpya ulinikuta bado niko Yeremia 29. Mhubiri akatangaza neno la mwaka: 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Asubuhi ileile nilikuwa nimesoma mstari wa 10: hiyo ni barua kwa mateka walioko Babeli, na wanaambiwa watarudi kwao baada ya miaka 70. Kwanza wajenge nyumba, wapande bustani. Nikapiga makofi na mimi, taratibu kidogo.