Barua ya ukurasa mmoja iliyonivusha chuoni

Jaribio la kwanza la uhasibu nilipata 4 kati ya 15. Somo nilikuwa nalijua. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliwaelekeza wenzangu wawili wa hosteli jinsi ya kuandaa urari, lile jedwali la kuhakikisha debiti na krediti zinalingana, na wote wawili walivuka 10. Mimi nilifika swali la pili kati ya manne, na hapo hapo nikasoma 8 nikadhani ni 3, debiti na krediti zikakataa kulingana, nikahangaika nazo mpaka msimamizi akasema kalamu chini.

Karatasi yenyewe ilikuwa imebanwa ili maswali yote yaenee ukurasa mmoja. Herufi kama punje za ulezi. Mimi nina ualbino, na nikisoma huwa naiweka karatasi vidole vitatu kutoka puani, kichwa nimekiinamisha upande wa kushoto, kwa sababu nikikaa hivyo ndipo macho yangu yanapotulia kidogo. Kwa mkao huo nilikuwa nasoma tarakimu moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Watu huniuliza kwa nini nisivae miwani. Navaa, na inanisaidia kiasi. Lakini miwani hurekebisha jinsi mwanga unavyoingia jichoni, na shida yangu kubwa iko nyuma zaidi, kwenye retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Pale katikati pana sehemu ndogo inayomwezesha mtu kuona kwa ukali, ile inayotumika kusoma na kutambua sura. Kwa sisi wenye ualbino sehemu hiyo haikukomaa tangu tumboni mwa mama kwa sababu ya upungufu wa melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho. Juu ya hilo macho huchezacheza yenyewe, na mwanga mkali huyaumiza. Hakuna lenzi ya kuondoa hayo. Naandika haya kwa sababu nimewahi kuambiwa na mtu mzima, tena msomi, kwamba ninajilegeza.

Kidato cha 4 na cha 6 sikuwahi kuomba chochote. Shule ilikuwa inapeleka taarifa zangu Baraza la Mitihani, na siku ya mtihani bahasha ya maandishi makubwa inakuja na jina la shule yetu. Muda nao unaongezwa: dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Nilizoea. Nilipopata nafasi ya chuo kikuu hapa Moshi nilidhani mambo yataendelea vile vile, hasa kwa kuwa Bodi ya Mikopo nilishawapelekea fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya yetu. Nikajua wameshaambizana. Kumbe mifumo haisomani. Ukivuka kutoka sekondari, faili lako linabaki ng'ambo ile.

Na nina kosa langu pia. Kwenye fomu ya kujiunga na chuo palikuwa na kisanduku kinachouliza kama nina ulemavu, nikakiacha wazi. Mjomba wangu alikuwa amesema uhasibu si kazi ya mtu mwenye macho kama yangu, nikaogopa nisije nikakutana na mjomba mwingine huko ofisini akanihamisha kozi.

Baada ya ile 4 niliandika barua. Kichwa chake kilikuwa "Yah: Kuomba msaada." Nilieleza kwamba mimi ni mwanafunzi mwenye ualbino, naona kwa shida, naomba chuo kinisaidie. Nikaipeleka ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Wiki ya kwanza barua iko mezani. Wiki ya pili mhusika amesafiri. Wiki ya tatu nikamkuta, mama mmoja mpole, akaisoma barua yangu yote mbele yangu kisha akaniuliza, "Sasa binti, unataka tukusaidie nini hasa?"

Nikasema, "Chochote, mama."

Akaandika pembeni "Imepokelewa, ifanyiwe kazi," na haikufanyiwa.

Swali lile liliniuma. Niliona kama ananikejeli, mtu mweupe namna hii, nakodoa macho mbele yake, ananiuliza nataka nini! Jioni nilimpigia mama simu kule Usangi nikamlilia. Akanisikiliza, halafu akasema, "Mwanangu, ukienda dukani ukamwambia muuzaji nipe chochote, atakupa nini?"

Nililala na maneno hayo. Kesho yake nikapanda daladala ya KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi.

Nilikwenda idara ya macho kwa kadi yangu ya bima, ile ya wanafunzi tuliyokuwa tukilipia shilingi 50,400 kwa mwaka. Nilishawahi kupimwa macho mara nyingi tangu utotoni, lakini kila mara ilikuwa ni kusoma herufi ukutani, kuandikiwa miwani, na kurudi nyumbani. Safari hii nilimwambia mtaalamu wa uoni hafifu kwamba miwani ninayo, ninachotaka ni karatasi ya kuwaambia walimu wangu waandike vipi. Uso wake ulichangamka.

Alianza na ukutani, akapata 6/60. Maana yake, kitu ninachokitambua nikiwa mita 6, mwenye macho mazima hukitambua akiwa mita 60. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifanyia. Akanipa karatasi zenye habari fupi fupi, kila moja na ukubwa wake wa herufi, akaniambia nisome kwa sauti, yeye ameshika saa. Herufi za 12, kwa namba za ukubwa zile za kwenye kompyuta, nilisoma kwa kukwamakwama, kama mtoto wa darasa la pili. Za 14 hivyo hivyo. Za 16 zikaanza kuteleza. Za 20 nilisoma mpaka mwenyewe nikashtuka, sauti yangu ilikuwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Nikamwomba aongeze tena. Akanipa za 28, na kasi haikuongezeka hata kidogo, ila mistari ilikuwa mifupi na macho yakachoka kurukaruka. Akaweka saa chini akasema, "Basi, namba yako ni ishirini. Usiwaambie waandike kubwa. Kubwa ya mwenzako ni 14. Waambie ishirini."

Miaka yote hiyo sikujua kwamba nina namba.

Tulikaa naye karibu saa nzima. Tulipanga viti tukaona kwamba dirisha likiwa mbele yangu naishiwa nguvu za macho baada ya dakika chache, likiwa nyuma nadumu. Akaandika na kalamu nyekundu, ya kijani, ya bluu na nyeusi kwenye ubao mweupe, mbili za mwanzo zikanipotea. Akanijaribisha pia kidarubini cha mkono, kidogo kama kidole gumba, cha kukuza mara nne. Kwa hicho sasa nasoma ubao wa daladala kabla haijanipita, jambo ambalo nilikuwa nategemea sauti ya konda.

Kabla sijatoka pale nilipita idara ya ngozi kuchukua Kilisun, mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa hapa hapa Moshi kwa ajili yetu. Nayataja kwa sababu mwanafunzi mwenye ualbino anayehangaikia macho peke yake akasahau ngozi anajipunja. Vipindi vyetu vingi viko mchana, na kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine ni kutembea juani. Kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu ni sehemu ya masomo yangu kama ilivyo kalamu.

Barua ya pili niliiandika upya kabisa. Ukurasa mmoja, na nyuma yake nimebana karatasi ya hospitali. Mstari wa kwanza ulikuwa jina, namba ya usajili, kozi na mwaka. Mstari wa pili ulisema uoni wangu ni 6/60 na hauongezeki zaidi ya hapo kwa miwani. Baada ya hapo hakuna tena habari ya kuumwa wala kuhurumiwa, ni vipimo tu: majaribio na mitihani ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 20, nyeusi, kwenye A4 ya kawaida, upande mmoja, muda uongezwe kama ule wa Baraza la Mitihani, dakika 20 kwa saa kwa masomo ya hesabu na 10 kwa mengine, nikae mstari wa mbele, mwanga ukitokea nyuma, niruhusiwe kofia na kidarubini ndani ya chumba cha mtihani, slaidi nitumiwe siku moja kabla ya kipindi, ubaoni itumike kalamu nyeusi au ya bluu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 niliitaja kwenye rasimu, nikaifuta nikiona nitaonekana mkorofi, kisha nikairudisha kwenye mstari wa mwisho. Sijutii kuirudisha. Msimamizi anayetaka kukusaidia naye anahitaji kitu cha kumwonyesha mkubwa wake.

Nakala moja ilikwenda kwa yule mama wa ofisini. Alipoiona alisema, "Haya, hii sasa naweza kuipeleka mahali," na siku hiyo hiyo ikagongwa mhuri. Nakala nyingine nilimpelekea kila mwalimu mkononi, mlangoni kwake. Wengi waliipokea vizuri. Mmoja aliniambia, "Wenzako watasema nakupendelea." Nilikuwa nimeshajiandaa: nilimpa karatasi ile ile ya swali ikiwa imechapwa kwa herufi ya 5 nikamwomba asome. Aliisogeza puani, akacheka kidogo, akaniambia niache barua mezani.

Aliyenisaidia kuliko wote ni mtu ambaye sikumfikiria, mratibu wa mitihani wa idara. Mwanafunzi anaweza kudhani mtihani unachapwa jana yake. Mitihani hutungwa, hupitiwa na mwalimu mwingine, hurekebishwa, huchapwa, hufungwa na kuwekwa chini ya ulinzi mapema. Ukienda kudai herufi kubwa asubuhi ya mtihani, hata anayekupenda hawezi kuifungua ile bahasha akaenda nayo steshonari. Yeye ndiye alinieleza hayo, na akaniambia jina langu liingie kwenye orodha yake tangu mwanzo wa muhula, kila muhula, bila kungoja mpango wa muhula wa nyuma uendelee wenyewe. Nimefanya hivyo mihula yote iliyofuata.

Jaribio la kwanza baada ya barua walinipa A3. Mtu wa mashine aliona kazi ya kuchapa upya ni ndefu, akachukua karatasi ya kawaida akaikuza. Ukiikuza A4 ikawa A3, herufi za 12 zinafika kama 17 tu, na weusi wake unafifia. Viti vyetu ni vile vyenye kibao cha kuandikia upande wa kulia, upana wa sahani. Nikiitandaza A3, nusu yake inaning'inia, feni ya juu inaipeperusha, nikiikunja nusu nyingine jedwali linakatika katikati na sijui tena tarakimu hii ni ya safu ipi. Nilimaliza maswali matatu, nikapata 9. Niliichukua ile A3 nikaenda nayo kwa mratibu, nikaitandaza juu ya kiti mbele yake. Hakuhitaji maelezo. Tangu siku hiyo zangu zikawa zinachapwa upya, A4, namba 20, na meza ya maktaba inaletwa mlangoni. Jaribio lililofuata nilipata 13.

Mengine niliyamaliza mwenyewe. Kwenye kompyuta niliweka NVDA, programu ya bure inayosoma maandishi kwa sauti, kwa ajili ya saa za usiku macho yakishagoma. Inasoma PDF vizuri, isipokuwa zile ambazo ni picha za kurasa zilizoskaniwa; hapo inanyamaza kimya, na inabidi mtu wa maktaba azigeuze kuwa maandishi. Kiongozi wa darasa letu alikuwa akipiga picha ubao kila baada ya mwalimu kumaliza na kunitumia kabla haujafutwa. Kikokotoo kilinisumbua sana, tarakimu zake ni za kijivu juu ya kijani na zinang'aa, mpaka nilipopata chenye kioo kikubwa cha mezani kwenye duka moja mjini.

Bumu, ile hela ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, likichelewa nilikosa hata hela ya kuchapia notisi. Notisi za wenzangu za kurasa 40, kwa namba 20 zinakuwa zaidi ya 90, na steshonari hawana bei ya mwenye macho hafifu. Hilo sikuwahi kulitatua vizuri. Niliandika chuoni kuomba niwe nachapiwa, nikajibiwa kwamba bajeti haina kifungu hicho. Naamini kifungu kinapaswa kuwepo, na nimeliacha hilo kwa maandishi ofisini.

Mwaka wa 3, mtihani wa mwisho, nilifika mapema nikakuta meza mbili zimewekwa mgongo dirishani badala ya moja. Ya pili ilikuwa ya kijana wa mwaka wa 1 aliyekuwa amenifuata hosteli mwanzoni mwa muhula, akanisalimia, "Shikamoo dada," na kuniomba nimwonyeshe barua niliyoandika. Nilimtumia nzima, nikamwambia aende kwanza kupimwa. Uoni wake ulipotea kwa ugonjwa akiwa kidato cha 2, ngozi yake haina shida na jua. Sehemu ya kofia akaifuta. Ile 20 akaibadilisha, ikawa 28.