Siku moja maishani mwangu: ushuru mdogo, safari ndefu ya rufaa

Saa 1:30 asubuhi. Nipo ofisini Posta, Dar es Salaam, kabla simu hazijaanza kuita. Mimi ni mshauri wa kodi, na mashauri yangu mengi ni ya ushuru wa forodha. Naanza na tarehe. Kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinampa mteja siku 30 za kumwomba Kamishna wa Forodha apitie upya uamuzi. Kamishna naye ana siku 30 tangu apokee ombi na maelezo aliyoyataka; zikipita bila jibu, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Ndiyo maana barua naipeleka kwa mkono, na siondoki dirishani mpaka nakala yangu ipigwe mhuri wenye tarehe inayosomeka. Ukififia, naomba upigwe tena palepale.

Saa 4. Anaingia mama mwenye duka la vigae Kariakoo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Niambie, yamekwisha?”

Ameshinda mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi, ngazi ya kwanza ya rufaa. Ushuru uliogombewa ni shilingi milioni 9. Namweleza kuwa serikali bado inaweza kwenda Baraza la Rufani za Kodi, na kutoka hapo Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria. Anauliza aagize kontena jingine au aishikilie hela kwanza. Namshauri aagize dogo. Ananitazama muda mrefu, kisha anafungua pochi na kutoa ankara ya muuzaji wake ili tupige hesabu.

Saa 6 hadi saa 9. Chama cha wafanyabiashara kinakusanya mapendekezo ya bajeti, nami naandika sehemu ya rufaa: serikali isikate rufaa kwenye kesi za fedha ndogo. Mfano wangu ni India. Kifungu cha 131BA cha Sheria yao ya Forodha ya 1962 kinairuhusu bodi yao ya kodi na forodha kuweka kiwango cha fedha ambacho chini yake serikali haikati rufaa. Kwa maelekezo ya tarehe 2 Novemba 2023, kiwango hicho ni rupia milioni 5 kwenda baraza la rufaa, milioni 10 Mahakama Kuu na milioni 20 Mahakama ya Juu. Kinachopimwa ni ushuru wenyewe. Adhabu na riba haziongezwi ili kesi ivuke mstari.

Kilichonivutia zaidi ni milango waliyoiacha wazi. Uhalali wa kifungu cha sheria ukipingwa, au waraka wa serikali ukitamkwa batili, rufaa inakwenda hata kama fedha ni kidogo. Na serikali isipokata rufaa, haihesabiwi kuwa imeukubali msimamo wa hukumu ile. Katika kesi nyingine ya namna hiyo bado inaweza kuupinga.

Saa 10. Mwenzangu anasoma rasimu na kuhoji: je, bidhaa inayoingia kila mwezi, ikibishaniwa imo fungu gani la ushuru, yaani itozwe kwa kiwango kipi? Kontena moja ni fedha ndogo, mwaka mzima ni nyingi. Yuko sahihi, na India nao mabishano ya namna hiyo yanayojirudia wameyatoa nje ya kiwango. Naongeza aya. Lakini ubishi wa thamani ya shehena moja ya vigae, nasisitiza kwa nguvu zangu zote, uishie Bodi. Mfanyabiashara mdogo hawezi kulipa wakili ngazi tatu kwa milioni 9.

Saa 11:30 jioni. Natuma rasimu kwa katibu wa chama, nikimwomba aya ya mafungu ya ushuru ijadiliwe kwanza, maana hapo ndipo tutakapoulizwa maswali magumu.